Uchambuzi wa kisa: Norderstedt, mji wa kulala uliojijengea kitovu katikati ya mashamba

Kwanza tuelewane

Nimekaa Norderstedt, mji ulio kaskazini mwa jiji la Hamburg, Ujerumani, miaka kadhaa, nafanya kazi Hamburg, yani mi mwenyewe ni mmoja wa wale wanaotoka asubuhi giza na kurudi jioni giza. Wajerumani miji ya hivi wanaiita Schlafstadt, mji wa kulala. Nimeamua kuuandika huu mji kama kisa kimoja tangu mwanzo, kwasababu watu wanaofuatilia mambo ya mipango miji wanapenda kusema mji wa pembeni ya jiji hauna historia, una nyumba tu na parking. Sio kweli, na huu ni mfano mzuri maana maamuzi yake makubwa yanahesabika kwa vidole na kila moja unaweza kuliona kwa macho hadi leo.

Jina la mji nimeliacha kama lilivyo kwasababu historia yake iko wazi. Watu ndo nimewaficha. Mama mwenye nyumba niliyopanga mwanzo nitamwita Bibi, mtaa wake sitautaja, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemtambulisha nimevitoa.

Bibi alikuwa na kopo la biskuti la bati limejaa bahasha za zamani. Siku moja nimempandishia manunuzi akanikalisha jikoni akatoa bahasha tatu akazipanga mezani, zote zimeandikwa jina lake, mtaa ule ule, namba ya nyumba ile ile. Ya kwanza inasema Garstedt, wilaya ya Pinneberg. Ya pili inasema 2000 Norderstedt. Ya tatu Norderstedt pia lakini posta kodi ndefu ya tarakimu tano inayoanza na 22. Akaniambia, kijana, mimi sijahama hata hatua moja, wao ndo wamehama. Ukizielewa hizo bahasha tatu umeshakielewa kisa karibu nusu.

Mazingira: kabla hakujawa na mji

Ukitoka Hamburg kuelekea kaskazini unafika mahali panaitwa Ochsenzoll. Tafsiri yake ni ushuru wa maksai. Zamani ng'ombe walikuwa wanaswagwa kutoka Jutland kule Denmark kushuka kusini kwenda kuuzwa, na hadi 1864 jimbo la Holstein lilikuwa chini ya mfalme wa Denmark wakati Hamburg ilikuwa jiji huru linalojitawala, kwahiyo hapo palikuwa mpaka wa kweli na ushuru ulilipwa. Siku hizi hamna ushuru ila mpaka bado upo, huku jimbo la Hamburg, ukivuka uko Schleswig-Holstein, shule nyingine, polisi wengine, bajeti nyingine. Mtu anayeendesha gari hata hashtuki. Anayepanga reli anashtuka sana, tutafika huko.

Ng'ambo ya huo mpaka kulikuwa na vijiji vinne. Garstedt ndo mkongwe, maandishi yanaitaja tangu 1370. Harksheide ilikuwa nyika na mashamba. Glashütte jina lake lenyewe linakwambia, kiwanda cha vioo. Na Friedrichsgabe ndo mi naipenda zaidi kwa historia, ilianzishwa 1821 na bwana mmoja wa Altona, mji jirani na Hamburg, anaitwa Johann Daniel Lawaetz kama makazi ya maskini, unachukua familia ambayo mjini imeshindwa unaipa nyumba na kipande cha ardhi ijilimie. Jina maana yake zawadi ya Friedrich, yani mfalme Friedrich VI wa Denmark. Kwahiyo wazo la kutoa watu jijini na kuwapeleka pembeni wakapate nafasi lina miaka 200 pale, halikuanza na wafanyakazi wa ofisini.

Ardhi yenyewe haikuwa na rutuba ya kujivunia. Kulikuwa na vinamasi, na watu walikuwa wanakata ule udongo mweusi wa kinamasi kama matofali, wanauanika, ukikauka unawaka kama kuni, wanapakia mkokoteni wanaenda kuuza Hamburg. Kwahiyo hata enzi hizo mtu wa Garstedt alikuwa anaamka alfajiri kwenda kutafuta hela Hamburg, tofauti ni kwamba alikuwa na mkokoteni na mi nina kadi ya treni.

Mambo yalivyoenda

Reli ilifika Ochsenzoll 1918, mwanzo ikiwa ya mvuke, kuanzia 1921 ikawa ya umeme kama sehemu ya U-Bahn, treni ya chini ya ardhi ya Hamburg. Ila ikaishia hapo hapo upande wa Hamburg, mlangoni mwa vijiji. Halafu 1937 serikali ya Wanazi ikapitisha sheria ya Hamburg Kubwa, miji jirani kama Altona, Wandsbek na Harburg ikamezwa na Hamburg. Vijiji vyetu vinne havikumezwa. Wakati ule pengine ilionekana jambo dogo tu, vijiji vya mashamba vibaki vilipo, lakini kila kitu kilichofuata kimetokana na hapo, maana jiji lilikuja kukua likafika kwenye mpaka na likaendelea kukua ng'ambo bila kuwa na mamlaka ng'ambo.

Kilicholeta watu ni vita. Mwishoni mwa Julai 1943 Hamburg ilipigwa mabomu mpaka mitaa mizima ikawaka, wakafa zaidi ya watu 30,000 na mamia ya maelfu wakakimbia jiji. Wengi walienda popote penye paa, na vibanda vya bustani pembeni ya jiji vikageuka nyumba. Kisha 1945 wakaja wakimbizi kutoka mashariki, kutoka Pomerania, Prussia Mashariki, maeneo ambayo Ujerumani ilikuwa imeyapoteza. Schleswig-Holstein nzima ilikuwa na watu kama milioni 1.6 kabla ya vita, miaka michache baadaye wakawa karibu milioni 2.7. Fikiria hilo, jimbo halijaongezeka hata ekari moja.

Bibi alikuwa kati ya hao, mtoto wa miaka saba, na mama yake na mdogo wake, wakapewa chumba kimoja kwenye nyumba ya mkulima ambaye hakuwataka. Ananisimulia kwamba walipika zamu kwenye jiko la mwenye nyumba na mke wa mkulima alikuwa anaweka alama ya chaki kwenye gunia la viazi ajue kama limeguswa. Hapa nadhani Watanzania na Wakenya wengi tutashangaa kidogo, tumezoea kumwona Mjerumani kama mtu aliyepangika tangu kuzaliwa, kumbe mji huu ninaokaa umeanza na watu waliogawana jiko kwa ugomvi.

Wale watu walihitaji kazi na kazi ilikuwa Hamburg. Ndo maana 1953 ikafunguliwa reli mpya, Alsternordbahn, kutoka Ochsenzoll kwenda kaskazini mpaka Ulzburg Süd. Nchi bado inajijenga kutoka vifusini na watu wanajenga reli mpya kupita mashambani, mi naona ule ulikuwa ujasiri. Nyumba zikafuata reli, fleti zikafuata nyumba, na kufikia mwisho wa miaka ya 60 vile vijiji vinne kwa pamoja vilikuwa na watu zaidi ya 50,000. Kisheria bado ni vijiji. Viwili, Garstedt na Friedrichsgabe, viko wilaya ya Pinneberg, vingine viwili, Harksheide na Glashütte, viko wilaya ya Stormarn. Barabara moja, nyumba hii na ile zinatazamana, mamlaka mbili tofauti.

1969 U-Bahn ikavuka mpaka ikafika Garstedt. Tarehe 1 Januari 1970 vijiji vinne vikaunganishwa kuwa mji mmoja, Norderstedt.

Maamuzi, na kwanini

Uamuzi wa kwanza ni huo wa kuunganisha. Sababu inaeleweka, huwezi kuwa na maji taka, shule na barabara za watu 50,000 zinazosimamiwa na ofisi nne za vijiji chini ya wilaya mbili. Ajabu ni pale mji ulipopelekwa. Haukubaki Pinneberg, haukuenda Stormarn, ulitiwa wilaya ya tatu kabisa, Segeberg, ambayo ilikuwa wilaya ya mashamba na misitu na ikapata kwa siku moja mji wake mkubwa kuliko yote. Makao makuu ya wilaya yako Bad Segeberg, mbali, wakati jengo la kwanza la Hamburg unaliona ukiwa umesimama Ochsenzoll. Ukiangalia kwa jicho la jimbo ni hesabu safi, wilaya dhaifu inapata mji wenye watu na kodi, na hakuna kati ya wilaya mbili za mwanzo iliyoshinda. Ukiangalia kwa jicho la Bibi, mume wake aliondoka na pleti namba ya PI (Pinneberg) akaja kupewa ya SE (Segeberg) na hakuwahi kumsamehe mtu yeyote kwa jambo hilo mpaka anakufa. Simu lakini ikabaki 040, namba ya mwanzo ya simu za Hamburg, na iko hivyo hadi leo.

Uamuzi wa pili ndo kiini cha kisa hiki. Mji mpya hauna katikati. Kila kijiji kina kanisa lake na maduka yake, na ukiweka ofisi za mji Garstedt basi Harksheide watanuna, ukiweka Harksheide watanuna wengine. Wakaamua kujenga kitovu kipya mahali ambapo hapakuwa pa mtu, mashambani katikati ya vijiji, wakapaita Norderstedt-Mitte. Jengo la halmashauri likasimama hapo miaka ya 80, la matofali mekundu, na fleti na maduka na maktaba pembeni.

Kwa siasa ya vijiji vinne huo uamuzi ulikuwa wa busara, mi siupingi. Lakini kuna kitu kilishatangulia. 1971, mwaka mmoja tu baada ya mji kuzaliwa, lilifunguliwa Herold-Center, mall kubwa, na lilifunguliwa Garstedt pale pale U-Bahn ilipokuwa inaishia wakati ule. Na hao walikuwa sahihi kibiashara, nani ataweka mall shambani wakati treni inashusha watu huku? Kwahiyo Norderstedt-Mitte inazaliwa, mteja tayari ana mahali pa kununua viatu.

Uamuzi wa tatu ni treni. Kwanza ikumbukwe kwamba tangu 1965 Hamburg ina HVV, mfumo wa kwanza wa aina yake, kampuni tofauti za usafiri zinakubali tiketi moja. Bila huo mfumo mtu wa Norderstedt angelipa mara mbili kila asubuhi. Ila kurefusha U-Bahn kutoka Garstedt hadi Norderstedt-Mitte, kilomita chini ya tatu, kulichukua hadi Septemba 1996. Miaka 27 tangu ifike Garstedt. Sababu ni ule mpaka wa maksai, reli ni ya kampuni ya Hamburg, ardhi ni ya jimbo jingine, na Hamburg haina sababu ya kutumia hela za walipa kodi wake kumrahisishia mtu aliyehama kwenda kulipa kodi kwingine. Walichofanya Norderstedt ni kuingia wenyewe, mji una kampuni yake ya usafiri, VGN, inayomiliki kile kipande cha U-Bahn kilichoko ardhini kwake na pia ile reli ya zamani ya kwenda Ulzburg, ambayo sasa inaitwa A2 na inaendeshwa na kampuni ya reli ya AKN. Hamburg wanaleta treni na madereva, reli ni ya Norderstedt.

Hili usilipite haraka. Mji wa kulala wenye kilomita za U-Bahn kwa jina lake sio kitu cha kawaida.

Uamuzi wa nne unafanana na huo. Shirika la mji la umeme, gesi na maji likaanzisha 1999 kampuni ya mawasiliano, wilhelm.tel, wakaanza kuchimba na kutandika nyaya za faiba mpaka majumbani. Kumbuka 1999 ni enzi ambazo wengi wetu tulikuwa tunasubiri intaneti ikilia kama mashine ya fax. Leo kampuni hiyo inauza huduma hadi ndani ya Hamburg, yani mji wa kulala unauza kitu jijini.

Matokeo

Kwa idadi, Norderstedt sasa ina watu zaidi ya 80,000 kwenye kilomita za mraba 58 hivi, ni kati ya miji mitano mikubwa ya Schleswig-Holstein, pamoja na Kiel, Lübeck, Flensburg na Neumünster. Mtu wa Bavaria hajawahi kuusikia. Au amewahi bila kujua, maana kampuni ya Books on Demand ilikaa hapa miaka mingi, na kwahiyo maelfu na maelfu ya vitabu vya watu waliojichapishia wenyewe Ujerumani vimeandikwa Norderstedt kwenye ukurasa wa mbele. Kuna tesa wale wa selotepu, wamehamishia makao makuu hapa 2015 kutoka Hamburg, kuna Casio ya Ulaya, kuna Jungheinrich wa folklifti.

Asubuhi nikiwa stesheni ya Norderstedt-Mitte naliona hili kwa macho. Mi nashuka kusubiri U1 kwenda kusini, na hiyo ndo laini ndefu kuliko zote Hamburg, kama kilomita 55. Inaingia imejaa watu, mi nilidhani itakuwa tupu kwasababu ndo inaanza safari hapo, lakini wale ni wanaokuja kazini kutoka jijini, wanashuka na vikombe vya kahawa, sisi tunapanda kwenye viti bado vina joto lao. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu.

Na 2011 wakaandaa maonyesho ya bustani ya jimbo, sehemu iliyokuwa machimbo ya mchanga, shimo likawa ziwa, sasa ni bustani ya mji na kiangazi watoto wanaogelea na wengine wanavutwa na waya juu ya maji wamesimama kwenye ubao. Bibi alilipia kiingilio 2011 akaniambia ndo mara ya kwanza amewahi kusikia mtu wa Hamburg anakuja Norderstedt kutembea.

Kilichofanya kazi

Kwa maoni yangu kilichouokoa mji sio kuwa karibu na Hamburg, ukaribu ndo uliokuwa tatizo. Kuna miji mingi tu kuzunguka Hamburg iko karibu vile vile, ule mduara wote Wajerumani wanauita Speckgürtel, mkanda wa mafuta, kwa maana ya unono. Tofauti naiona kwenye umiliki. Reli, umeme, maji, faiba, mji umeshika wenyewe, kwahiyo kila walipokwama na jirani mkubwa walikuwa na kitu cha kuweka mezani. Ukienda kuomba kurefushiwa reli mikono mitupu utasubiri. Ukienda na kusema kipande hiki tunalipia na kitakuwa chetu, mazungumzo yanabadilika, hata kama yamechukua miaka 27.

Kingine ni kwamba waliweka viwanda na ofisi mapema, tangu enzi za vijiji, hawakusubiri nyumba zijae kwanza. Ardhi ya viwanda ukishaijaza nyumba hairudi.

Kilichofeli

Mpangilio wa wakati. Mall 1971, halmashauri miaka ya 80, treni 1996. Pindua huo mpangilio upate mji mwingine kabisa. Kitovu kilikaa zaidi ya miaka kumi kina halmashauri lakini hakina U-Bahn, na wakati huo watu walishazoea kwenda Garstedt. Tabia ya mtu ya kununua mkate ukishaichelewa hutaipata tena, hata ulete treni mlangoni.

Pili, Ulzburger Straße. Hii ni barabara inayopanda kutoka Ochsenzoll hadi Friedrichsgabe, na kwasababu mji ulikua kwa kufuata barabara na reli, maduka yametapakaa humo kilomita baada ya kilomita, hapa duka la magari, pale mkate, pale tena samani. Ni ndefu, haina mwanzo wala mwisho, na ukiwa hujui unaweza kudhani umeshatoka nje ya mji mara tatu. Mwenzangu wa kazini alikuja kunitembelea akanipigia akisema amepotea, nikamuuliza unaona nini, akasema naona petroli stesheni na duka la vitanda. Sikuweza kumsaidia.

Tatu ni ndege. Uwanja wa ndege wa Hamburg uko Fuhlsbüttel tangu 1911, na runwei yake ndefu imeelekea kaskazini magharibi, yani kwetu. Jiji linapata uwanja, sisi tunapata sauti. Usiku kuanzia saa tano safari zinazuiwa, ila ndege iliyochelewa inaruhusiwa kuongeza muda kidogo na ndo hiyo hiyo inayokuamsha. Hapa umiliki hausaidii chochote maana anayeamua yuko ng'ambo ya mpaka, na 1937 hakuna aliyewauliza wanavijiji.

Na la mwisho ni la moyo. Nimejaribu kupima hili kwa njia ya kijinga kabisa. Jumamosi moja niliwaandikia watu watatu, Bibi, jirani wa ghorofani na kijana wa Harksheide tunayecheza naye mpira, nikawaambia tukutane mjini saa tano asubuhi tunywe kahawa, sikusema wapi. Jirani alikuwa Jungfernstieg, katikati ya Hamburg, amevaa vizuri. Bibi alikuwa Herold-Center kwenye benchi karibu na mlango, kijana naye akaniandikia yuko Herold-Center ila upande wa basi, hawakuonana. Mi nilikuwa mbele ya halmashauri pale Norderstedt-Mitte, upepo unapiga, na mwanamke mmoja na mbwa wake walipita mara mbili wakanisalimia.